Pale Alipokanyaga Bi Zuhura

Kwanza nianze na yule aliyesema mtu wa miaka thelathini na nne hastaafu, anaacha kazi tu. Nnakujua, na kwenu nnakujua. Njoo uchukue hili goti langu la kulia, upande nalo ngazi mara mbili tu huku umekumbatia nguzo ya chuma, halafu ukishuka tutabishana. Miaka kumi na minane nimefunga maturubai mtaani kwetu Mpendae. Nimestaafu. Neno langu ndo hilo, na asiyelitaka tukutane barazani.

Nyinyi vijana mnaobaki na kamba mlinambia niseme maneno mawili siku ya chakula cha kuniaga. Nkasema mpaka wali ukapoa, mmoja wenu akanambia, "Kaka, haya mengine si uandike?" Haya, nnaandika. Shule sikufika mbali, kwa hiyo nnaandika kama nnavosema, na mkiona pahala nimepandisha sauti, jueni hapo nlikuwa nimesimama.

Kwa mgeni atakayeyasoma haya: mtaa wetu una chama. Chama kina maturubai, viti vya plastiki, majamvi, na masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuoga ndani yake. Mwenye harusi anaomba anapewa. Mwenye msiba anapewa kabla hajaomba. Vitu vyote vinakaa stoo, nyumbani kwa Bi Zuhura, na ufunguo wa stoo unakaa kwenye pindo la kanga ya Bi Zuhura, umefungwa fundo ambalo hata mimi, fundi wa mafundo, sijawahi kulifungua.

Siku yangu ya kwanza sikuja kuomba kazi. Nlikuwa na miaka kumi na sita, mpira mguuni, mdomo hauna breki. Kulikuwa na harusi jirani na kiwanja chetu, wakaja wanaume wakaanza kufunga turubai katikati ya mechi. Na sisi tunaongoza! Nkaupiga ule mpira kwa hasira zangu zote, ukaenda ukatua kwenye sinia la sambusa. Mwanamme mmoja akanikamata shati. Nkamtukana. Akatoka mama mmoja mfupi, tambuu shavuni, akanitazama kama mtu anayechagua nazi.

"Wewe wa nani?"

"Wa mama'ngu."

"Mama'ko namjua. Siku uliyozaliwa nlikuwepo, ulitoka unapiga kelele hivi hivi. Haya, vile viti vipange kumi kumi."

Nkavipanga. Vikaanguka. Nkakipiga teke kimoja, mguu ukavunjika, wa kiti.

"Kiti hakijakutukana," akasema Bi Zuhura. "Anza tena."

Nlipanga viti mpaka jua likageuka, na nlipomaliza akanipa sahani ya pilau imejaa nyama, akanambia nije kesho kuvifungua. Nkenda. Toka siku hiyo akawa ananita Cheche, na mtaa mzima ukamfuata. Kuna watu hapa Mpendae wanadhani ndo jina langu la kwenye cheti.

Sasa kazi. Hakuna aliyenifundisha fundo hata moja. Wakubwa walikuwa wanafunga wamenipa mgongo, makusudi, wasije wakakosa kuitwa. Mimi nkawa najitolea kufungua baada ya shughuli, nnafungua polepole, nnaangalia kamba ilipita wapi. Ndo nlivosoma. Fundo lolote ukilifungua mara ishirini utalifunga ukiwa umelala. Nnawaambia nyinyi sasa hivi, bure: kamba irowesheni kabla ya kufunga siku za jua kali, na turubai msilivute likakaza kama ngoma. Liachieni nafasi ya kupumua. Upepo ukija liinuke kidogo lishuke. Turubai lililokaza halipumui, linaondoka, na linaondoka na nguzo.

Lakini siri ya kazi yetu haiko juu. Iko chini.

Mpendae hii watu walijenga kwanza, maji yakaja baadaye. Watu walichimba wenyewe, wakafukia paipu zao walivoweza, na ukichimba kidogo tu unakutana na jiwe, kwa hiyo paipu zipo juu juu, huenda hazifiki kina cha muundi. Zimepita chini ya vichochoro kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Kigingi chetu cha chuma ni kirefu kama mkono wangu. Hesabu mwenyewe. Kila ukigonga kigingi unaweza ukawa unafunga kamba ya harusi, au unawakatia maji watu wa nyumba kumi na mbili.

Ndo maana tulikuwa na Bi Zuhura. Kabla hatujagonga, anavua kandambili zake, anatembea pekupeku, kichwa kainamisha. Anasimama. Anakanyaga kisigino.

"Hapa."

Tunagonga.

"Pale msiguse, pana maji ya watu."

Hatugusi. Miaka yote ile hatukutoboa hata paipu moja, kasoro siku moja, nayo ntaifikia.

Watu walikuwa wanasema ana kitu. Mimi nkamuuliza. Akacheka mpaka tambuu ikamtoka. Kumbe mtaa ulipokuwa unachimbwa, mumewe marehemu alikuwa kwenye msaragambo, wanaume wote wanachimba kwa pamoja nyumba hadi nyumba, na yeye ndo aliyekuwa anawapelekea chai. Mtaro mmoja mmoja aliuona uko wazi. Na toka siku hizo ikawa ada, mtu hachimbi mtaa wetu mpaka ampelekee habari Bi Zuhura. Anakuja na kigoda chake, anakaa, anatazama paipu inalala wapi, anakunywa chai ya mwenye nyumba, anaondoka. Kuandika hajui. Nlimwambia mara moja, tuchore ramani. Akanambia, "Karatasi inaliwa na mende. Mimi nani anile?"

Mambo magumu yalikuwepo, msidhani kazi ni pilau tu. Nungwi tuliitwa kwenye harusi ya ndugu wa mtu wa mtaani kwetu, tukafika kule, kigingi unakigonga mchangani kinaingia kama kisu kwenye samli, na ukikivuta kinatoka hivo hivo. Wenyeji wanatutazama wanacheka, "Hawa ndo mafundi wa mjini?" Damu ikanipanda, nkakaribia kurejesha turubai garini. Halafu nkaona gunia tupu la mchele. Nkalijaza mchanga, nkalifunga kamba mdomoni, nkachimba shimo, nkalizika. Vuta sasa! Ng'o! Mzee mmoja wa kule akaja akavuta mwenyewe, akavuta tena, akanambia, "Kijana, hili umelisoma wapi?" Nkamwambia, "Hapa hapa, dakika tano zilizopita." Nyinyi mnafanya hivo leo kama sala, hamjui limetoka wapi. Limetoka kwenye hasira zangu.

Na ile siku harusi na msiba vimekutana kichochoro kimoja, sitaisahau. Turubai la harusi liko juu, taa zimening'inia, na nyumba ya tatu mtu akafariki. Sikuuliza mtu, nkapanda ngazi nkaanza kuteremsha mataa. Mama wa bibi harusi akatoka, akanishikia ngazi. Turubai lilelile likahamia kwa wafiwa, ndoa ikafungwa msikitini kimya kimya, na watu wa harusi wote wakaenda kuzika. Mtaa ndo huo. Mtu akiniambia mitaa hii yetu ya ng'ambo haina adabu, nnavua saa kwanza ndo nnamjibu.

Haya. Sasa nnaingia kwenye ile iliyonifanya niandike. Ile ya paipu. Wengi mnaijua nusu, na nusu mnayoijua ni ile inayonipamba mimi.

Ilikuwa harusi ya binti wa Bi Asha, fundi cherehani. Kichochoro kile cha nyumba kumi na mbili, na nyumba ya mwanzo kabisa, yenye geti la kijani, ndo ya Bwana Nassor. Bwana Nassor ana gereji kubwa tupu, na alikuwa miezi mingi anasema kwenye chama, "Vitu vya watu vimerundikwa kwa bi mkubwa, vihamie kwangu, pana nafasi." Kila akisema hivo mimi najiona natokwa na moshi masikioni. Stoo kwa Bi Zuhura ilikuwa si stoo tu. Mjane yule mlango wake haufungwi mchana kutwa, huyu anakuja kuomba jamvi, huyu anarejesha sufuria, huyu anakaa anakunywa chai. Ukimnyang'anya ufunguo, umemfungia mlango. Nani angepita tena?

Na mimi, nisiwafiche, nlikuwa na hofu yangu moyoni. Mwezi ule Bi Zuhura aliniita mara mbili kwa jina la mumewe. Siku nyengine birika likaungua jikoni naye yuko kando yake. Sikumwambia mtu. Nlikuwa nnajiambia, amechoka.

Basi asubuhi ya harusi, Bi Zuhura kaja, kavua kandambili, kakanyaga kigingi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne akakanyaga karibu na geti la kijani. Nkashika nyundo. Pigo la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu, nkaskia mlio ambao sijawahi kuuskia kazini, pwaa!, na maji yakaruka juu kuliko turubai.

Na ilikuwa siku ya mgao! Maji ya mtaa ule yanakuja siku moja yanakatika mbili, na saa ile ndo watu wamefungulia mifereji ya majumbani, madumu yamepangwa, wapishi wameanza kuosha mchele. Maji yakapanda juu, yakashuka na mchanga, yakaingia kwenye mabesheni ya mchele wote. Yakampata bwana mmoja kavaa kanzu imepigwa pasi kama karatasi. Bi Asha akapiga ukelele. Watoto, wao wakaona sikukuu imefika, wakavua mashati.

"Cheche! Kanyaga!" wapishi wananipigia kelele.

"Nikanyage nini? Paipu si nyoka!"

Nkajitupa kwenye tope, nkatia mkono, nkaiskia paipu, nkaiziba kwa kiganja. Nkapiga kelele niletewe tyubu ya baskeli. Ikaja, nkaifunga, mzunguko juu ya mzunguko, maji yananipiga usoni, nnatema mchanga. Ikakaza. Bwana Nassor kasimama juu yangu wakati wote, anasema, "Basi, basi, fukia hivo hivo. Usichimbe zaidi, utaharibu. Mimi ntaleta fundi wangu." Nkafukia. Nkaona anatusaidia, kumbe!

Lakini mchele umekufa na mifereji imekauka, maji ya mgao yamemwagikia yote mchangani. Sasa muone mtaa. Hakuna aliyeitwa. Kila nyumba ikatoa mchele wake wa ndani, huyu kilo tatu, huyu besheni. Kwenye kisima cha msikiti watu wakapanga mstari mpaka mekoni, ndoo zinapita mkono kwa mkono, wazee, wanawake, bwana wa kanzu naye kaikunja kiunoni. Mtu anaimba, wengine wanaitikia, ndoo inapita. Pilau ikaiva saa nane badala ya saa saba. Mpaka leo sijala pilau tamu kama ile, na mchele wake ulikuwa wa aina tisa.

Raha ikaisha siku ya pili. Mwenyekiti wa chama, Mzee Sleiman, akaita kikao barazani kwake baada ya Alasiri. Bi Zuhura kaja na kigoda chake, kakaa pembeni. Bwana Nassor akasimama wa kwanza.

"Mimi sina ubaya na mtu. Lakini tuseme kweli, bi mkubwa amezeeka. Mguu umesahau. Jana tumetoboa paipu, kesho tutatoboa waya wa umeme. Ufunguo ukae pahala pengine."

Watu wakaangalia chini. Na ubaya wake ni kwamba walikuwa wanakubali. Nnamtazama Bi Zuhura, nnaona anapapasa pindo la kanga, anatafuta lile fundo la ufunguo. Alikuwa anataka kulifungua, wallahi. Anataka kuutoa mwenyewe kabla hajaambiwa.

Nkasimama. Sikufikiri.

"Si yeye! Mimi. Bi Zuhura alinionesha pengine, hatua mbili kule. Mimi nna chuki na Bwana Nassor, mnajua nyote, nkapiga getini kwake kwa hasira. Nifukuzeni mimi."

Wote wakaamini papo hapo. Hiyo ndo faida ya kujulikana kwa ubaya. Mzee Sleiman akatikisa kichwa, akasema, "Cheche, Cheche, moto wako huu utakuunguza." Alikuwa keshaanza kusema kwamba nisimamishwe kazi, tena sikuhuzunika, nlijiona shujaa, kifua kimenijaa.

"Kaa chini," akasema Bi Zuhura.

"Bibi, mimi..."

"Kaa chini, mwongo wewe."

Nkakaa.

"Nlimkanyagia pale pale alipopiga. Shibiri haikuzidi."

Kelele! Bwana Nassor kanyanyua mikono juu, "Si mnaona? Kasema mwenyewe!" Bi Zuhura hakumtazama hata. Alinitazama mimi.

"Cheche. Wewe ndo uliyetia mkono. Hiyo paipu ilikuwa rangi gani?"

"Buluu, Bibi."

"Buluu vipi?"

Na hapo ndo ikanijia. Nlikuwa nimeiona! Nlilala nayo uso kwa uso, inang'aa, mpya, maandishi yake hayajafutika hata. Macho yaliona, kichwa kimejaa moto, hakikupokea.

"Buluu mpya," nkasema.

"Sisi tulifukia nyeusi," akasema Bi Zuhura. "Zote. Na hajaja mtu kwangu kunambia anachimba pale." Akanyanyuka, akachukua kigoda chake. "Tukachimbe."

Jamani! Baraza zima lilisimama kama watu wa mpira. Majembe yakatoka majumbani. Bwana Nassor anatukimbilia mbele, "Subirini fundi, subirini fundi." Nani anamsubiri fundi? Nkachimba mimi mwenyewe, na vijana wawili. Paipu ya buluu hiyo hapo, na tyubu yangu. Tukaifuata upande mmoja, ikaingia chini ya geti la kijani. Tukaifuata upande wa pili, ikakutana na paipu nyeusi ya mtaa, imeungwa hapo, gundi bado nyeupe. Na ile nyeusi ya zamani iko wapi? Hatua mbili kutoka kwenye kigingi changu, palepale Bi Zuhura alipotukataza miaka yote tusiguse.

Tukafunua kifuniko uani kwa Bwana Nassor. Tangi la chini, na pampu. Maji yakija tu, pampu inayanyonya kabla hayajafika kwa mtu. Nyumba nne za mwisho wa kichochoro miezi minane zilikuwa zinabeba ndoo, zinaomba Mungu, zinalaumu serikali. Bi Asha, ambaye mchele wa harusi yake ndo ulioharibiwa na maji yale, alikaa chini kwenye mchanga akaweka mikono kichwani. Kumuona vile ndo kulikonipandisha. Nyundo iko mkononi mwangu, na mtu yuko mbele yangu.

"Cheche!" Bi Zuhura kaita.

"Naam."

"Weka nyundo. Huyu ni jirani."

Nkaiweka. Bwana Nassor aliing'oa ile paipu ya buluu kwa mkono wake, mchana kweupe, nyumba kumi na mbili zikimtazama, na Bi Zuhura kakaa kwenye kigoda kando ya mtaro. Alipomaliza, Bi Zuhura akamwambia, "Sasa nimeona. Ungeniita toka mwanzo, ningekunywa chai tu." Ufunguo haukutajwa tena, siku ile wala siku nyengine.

Hapo ndo nusu yenu inapoishia. Cheche alijitoa mhanga, bibi akashinda, makofi yakapigwa. Skilizeni na hii nusu yangu.

Mimi nlikuwa nasubiri shukrani. Nkenda kwake asubuhi na mkate wa mofa, kifua mbele. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba." Basi. Hakunikaribisha. Siku ya pili vilevile. Siku kumi na moja, ndugu zangu, ananijibu marahaba kwa sababu salamu hainyimwi, halafu ananipa mgongo. Mimi mtu ambaye nnasema hata na paka, nkabaki na paka tu. Siku ya kumi na mbili nkalipuka pale pale mlangoni.

"Nimekukosea nini? Mimi nlikutetea! Mtaa mzima umekuacha, mimi nkasimama!"

Akageuka. Sijawahi kumuona kakasirika vile, na alikasirika bila ya sauti.

"Wao walidhani mguu wangu umesahau, wakasema. Wewe ulidhani vilevile, ukanifunika shuka. Nani mbaya zaidi?"

"Bibi, mimi nlikuwa..."

"Ulishanizika, Cheche. Ungekuwa unaniamini, ungechukua jembe. Ulichukua uongo kwa sababu ulijua moyoni kwamba nimekosea. Na hukujua kitu."

Nlikaa pale kizingitini. Nlilia, andikeni mkitaka. Yeye akaingia ndani, akatoka na chai, akaiweka chini karibu na mkono wangu, akakaa.

"Na siku nitakaposahau kweli," akasema, "maana itakuja, utafanya nini?"

"Ntachimba kwanza."

"Mbele yangu?"

"Mbele yako."

"Na ukikuta nimekosea?"

Nkakishika kikombe. "Ntakwambia."

"Haya. Kunywa, inapoa."

Toka hapo ndo ikawa kabla ya nyundo tunachimba kwa mkono shimo la upana wa kiganja, pale alipokanyaga. Mnadhani ni utaratibu wa usalama. Wengine wenu nimewaskia mnanung'unika kwamba unachelewesha. Hautoki kwangu, na haukutoka kwenye chama. Ni ahadi baina yangu na mtu mmoja, na mimi sasa nnahamia Matemwe kwa wakwe zangu, goti limenishinda, ahadi nnawaachia nyinyi.

Bi Zuhura bado anakuja kazini, mnamuona, na fimbo yake. Siku nyengine mguu uko sawa sawa, siku nyengine la. Msije mkamcheka, atakayemcheka nitarudi kutoka Matemwe kwa miguu, na goti hili hili. Lakini lile jengine nnalichukia zaidi. Msimwitikie "ndio Bibi" halafu mkageuka mkagonga pengine. Msisogeze kigingi akiwa haangalii. Msimsetiri. Chimbeni mbele yake, na mkikuta paipu mwambieni pana paipu. Ataudhika. Muacheni audhike, ni haki yake.

Ijumaa iliyopita, kazi yangu ya mwisho, alivua kandambili akatembea, akasimama, akakanyaga. Nkapiga goti lile zima, la kushoto, nkachimba kwa mkono. Nyeusi, ya zamani, iko palepale.

"Pana paipu, Bibi."

Nyinyi nyote mlikuwepo, mlikuwa mnatazama angani. Bibi akanisonya. Akasogea hatua moja, akasita, akasogea nyengine nusu, akakandamiza kisigino.

"Hapa basi."

Nkachimba. Mchanga mtupu, mpaka kwenye jiwe.

"Hapana kitu, Bibi."

"Sasa wangoja nini? Gonga."